AS/400 inakataa kuunganishwa: kabla ya kugombana na watu wa mtandao, angalia ni nani anayekujibu

Mkuu, nimesoma bandiko lako mara mbili. Kwa wanaoingia sasa: jamaa ana programu ya Java inayosoma data kwenye AS/400 (siku hizi inaitwa IBM i, ukoo uleule wa mashine uliobadilishwa majina mara kadhaa tangu 1988). Imefanya kazi miaka miwili bila kelele. Wiki iliyopita wakabadilisha fayawoli. Tangu hapo asubuhi mambo shwari, ila wa kwanza kurudi kutoka chakula cha mchana anapigwa kosa, akirudia mara mbili tatu inakubali. Mtu akamshauri abadilishe draiva (kipande kinachounganisha Java na databesi), akatoa jt400, draiva ya AS/400, akaweka jcc, draiva ya Db2, na sasa haiungani kabisa, inatema SQLSTATE (msimbo wa kosa wa SQL) 42968. Juu ya hayo bosi anataka programu hiyohiyo isome na meinfremu ya kampuni mama, yaani databesi ya Db2 kwenye z/OS, mfumo wa uendeshaji wa meinfremu.

Hapo una matatizo matatu yasiyojuana, umeyafunga kwenye furushi moja. Nianze na jepesi.

Hiyo 42968 ni leseni. Basi. Si mtandao, si paswedi. Draiva ya jcc inaongea DRDA (itifaki ya IBM ya kuongea na databesi), na ikielekezwa IBM i au z/OS inataka leseni ya Db2 Connect, ambayo kwa Java ni faili db2jcc_license_cisuz.jar ikae mahali draiva itaiona. Ukitumia ODBC ya Db2 (njia ya programu zisizo za Java), kosa hilohilo linakuja kwa jina la SQL1598N. Kwa AS/400 rudisha jt400 yako leo hii: ni ya bure, chanzo chake kiko wazi, haimuulizi mtu leseni, na inaujua mfumo ule kuliko jcc. Aliyekushauri ubadilishe alikuwa anatibu mguu kwa dawa ya macho.

Sasa la mchana. Puli yako, yaani hifadhi ya miunganisho iliyofunguliwa tayari, imeshika miunganisho kadhaa wazi. Watu wanakwenda kula, hakuna anayeuliza kitu, waya uko kimya. Fayawoli mpya ina muda wake wa kuvumilia ukimya, ukipita inafuta muunganisho kwenye daftari lake bila kumwambia mtu. Java inaamini bado imeshikana na AS/400, na AS/400 inaamini hivyohivyo. Anayerudi kutoka mezani anakabidhiwa maiti: anapata kosa 104 kwenye Linux, 10054 kwenye Windows (muunganisho umekatwa), au programu inaganda tu. Akirudia, puli inatupa maiti moja na kumpa nyingine, mpaka zinaisha na mpya inafunguliwa. Ndiyo maana "mara mbili tatu inakubali". Huo mwendo peke yake ni nusu ya utambuzi.

Wengi hapa hukimbilia kuwasha keep alive (kugonga mara kwa mara ili kuona kama upande wa pili uko hai) kwenye jt400 wakashangaa hakuna kilichobadilika. Ile inawasha tabia tu, muda unaamuliwa na mfumo wa uendeshaji. Linux inasubiri sekunde 7200 kabla ya kugonga mara ya kwanza, na AS/400 kutoka kiwandani inasubiri dakika 120. Saa mbili! Fayawoli nyingi hazina subira hiyo. Waulize watu wa mtandao namba yao kamili, kisha shusha tcp_keepalive_time chini yake, na kwenye puli weka umri wa juu wa muunganisho uwe mfupi kuliko hapo. Na puli ijaribu muunganisho kabla ya kuugawa, kwa SELECT 1 FROM SYSIBM.SYSDUMMY1. Ukifanya hayo nadhani la mchana limekwisha.

Lakini kwa kuwa uko katikati ya kubadilisha fayawoli, hakikisha wamefungua poti zote. jt400 haiendi kwenye poti moja. Inaanza 449 kuuliza huduma ziko wapi, inakwenda 8476 kwa ajili ya paswedi, ndipo inafika 8471 kwenye databesi yenyewe. Ukitumia TLS hizo mbili za mwisho zinakuwa 9476 na 9471. Nimeshaona fomu ya maombi ya fayawoli imeandikwa 446 peke yake, kwa sababu aliyejaza alisoma mwongozo wa DRDA. Pima moja moja kutoka kwenye seva ya programu yenyewe, usipime kutoka kwenye laptopu yako ukasema "mbona Excel inafungua". Laptopu yako inapita njia nyingine.

Na hapo namba ya kosa inakuambia mengi. 10061 ya Windows, au 111 ya Linux, maana yake umefika kwenye mashine na mashine imekukatalia: hakuna anayesikiliza kwenye poti hiyo. (Kuna fayawoli zenye adabu zinazojibu hivyo, lakini nyingi zinanyamaza.) 10060 au 110 maana yake umeita, hakuna aliyeitika. Ya pili mpelekee mtu wa mtandao. Ya kwanza mpelekee operata, umwambie aangalie kwa NETSTAT *CNN kama 8471 inasikiliza, na kwa WRKACTJOB kama kuna jobu za QZDASOINIT (zinazohudumia databesi) kwenye QUSRWRK. Mara nyingi ni baada ya IPL (kuwasha mashine upya), huduma hazikuwashwa, STRHOSTSVR *ALL inamaliza. Zikiwashwa na kufa tena, angalia akaunti ya QUSER. Jobu hizo zinaanza kwa jina lake, na kuna wakaguzi wa usalama wanaopenda kuifunga kwa sababu "haitumiki na mtu".

Sasa nikupe ya kwangu, maana nilijiaibisha.

Nilikuwa taasisi moja ya fedha. Mwisho wa mwezi, mishahara inapita, programu ikasimama. Kwenye logi kuna sentensi moja tu inajirudia: "imeshindikana kuunganisha". Nikampigia jamaa wa mtandao, nikamsema maneno ambayo mtu hasemi. Akaja na laptopu yake, akakaa kwenye seva yetu, akapiga telnet kwenda 8471. Skrini ikawa nyeusi, kishale kinamemeta, yaani pamefunguka. Hakusema kitu. Aliniangalia tu.

Tukapanda kwa operata, mzee aliyekuwa karibu kustaafu, ofisi nzima ikimwita Babu. Hakuuliza habari ya Java. Aliandika DSPUSRPRF na jina la akaunti ya programu yetu, akagonga kioo kwa kalamu. Majaribio yasiyo sahihi: 3. Hali: *DISABLED.

"Mwanangu, mtu wako amekufa tangu saa mbili asubuhi, nyie mnatafuta barabara."

Kilichotokea ni kwamba paswedi ilibadilishwa usiku uliopita kama sera inavyotaka. Mfumo una thamani inayoitwa QMAXSIGN, ambayo kwetu ilikuwa 3: ukikosea paswedi mara tatu, akaunti inafungwa. Binadamu akikosea mara tatu anachukua dakika nzima na kujikuna kichwa. Puli inayofungua miunganisho ishirini kwa mpigo inamaliza hizo tatu kabla hujapepesa jicho.

Babu akaifungua akaunti kwa CHGUSRPRF. Tukashangilia. Dakika moja, ikafungwa tena. Akafungua, ikafungwa. Mara ya tatu akavua miwani, akasema kuna mtu mwingine anatumia jina hilo. Ikabidi aingie kwenye jarida la ukaguzi, QAUDJRN, akatafuta maingizo ya aina ya PW, ambayo ni ya paswedi mbovu. Yalikuwa yamepangana kama siafu, yote kutoka anwani moja ambayo haikuwa ya seva yetu. Tukaifuata mpaka tukakuta mashine ya majaribio chini ya meza ya mwenzetu aliyekwisha hamia idara nyingine. Iko hai, inanguruma, ina paswedi ya juzi, na inajaribu kila sekunde thelathini.

Aibu yenyewe ni hii: draiva ilikuwa imesema kila kitu. jt400 ilirudisha SQLSTATE 08004, na kwenye mabano ikaeleza kwamba akaunti imefungwa. Programu yetu ndiyo iliyoumeza ujumbe huo na kuandika sentensi yake. Aliyeandika kipande hicho cha programu ni mimi.

Tangu siku hiyo kitu cha kwanza ninachotazama si maneno ya kosa bali ni nani ameyasema. 08001: draiva inasema sikuweza kufika au kuanzisha mazungumzo. 08004: seva yenyewe imekusikia, imekujua, imekukataa. Ukipata 08004 halafu unampigia mtu wa fayawoli, unamwonea. Kwa hiyo kabla ya yote, kwenye logi yako chapisha SQLSTATE, namba ya kosa, na ujumbe mzima wa draiva bila kuupamba. Na weka prompt=false kwenye anwani ya jt400. Bila hiyo, paswedi ikikataa draiva inataka kufungua kidirisha cha kuuliza upya, na kwenye seva isiyo na skrini kidirisha hicho kinamsubiri nani?

Haya, z/OS. jt400 haifiki huko, hapo ndipo jcc na leseni yake vina kazi. Kabla ya kununua, waulize watu wa meinfremu: Db2 Connect ya aina ya Unlimited inaweza kuwashwa leseni upande wao, na pengine kampuni mama wanayo tayari. Waombe pia matokeo ya amri -DISPLAY DDF. Humo utakuta LOCATION na TCPPORT, na hizo mbili ndizo zinazoingia kwenye anwani yako ya jdbc:db2. Jina la databesi linalotakiwa ni hiyo LOCATION, kwa herufi kubwa, wala si jina la mfumo mdogo ambalo watu wao hulitaja wakiongea. Kwa ODBC, ukikosea hapo utaona SQL30061N. Poti ya kawaida ya DRDA ni 446, lakini usibahatishe, soma walichokuletea.

Ukishaingia, swali la kwanza likitoa -805 usidhani umeshindwa kuunganishwa. Umeunganishwa. Ni vifurushi vya draiva, vinavyokaa NULLID, havijasajiliwa (bind) upande wa pili. Mtu mwenye ruhusa huko aendeshe DB2Binder mara moja. SQL30082N ni mambo ya usalama, nayo hubeba sababu ndani: 24 ni jina au paswedi si sahihi, 1 ni paswedi imekwisha muda. Na huko pia kuna kukatwa kwa ukimya, ila sababu ni nyingine: z/OS ina IDTHTOIN, ambayo kwa kawaida ni sekunde 120, inayoua uzi (thread) ulioshika muamala halafu ukalala. Dawa ya huo si keepalive. Chanzo chake ni programu yako kusahau COMMIT, rekebisha hapo.

Kuna wawili waliochangia juu hapa kwamba "muunganisho wao unaleta herufi za ajabu" na mwingine anapata SQL7008. Ndugu zangu, hayo si ya muunganisho. Herufi za ajabu ni safu zenye CCSID (namba ya seti ya herufi) 65535, yaani "usitafsiri", weka translate binary=true. SQL7008 mara nyingi ni faili isiyo na jarida (daftari la mabadiliko yake) ilhali wewe unataka muamala: iwekewe jarida kwa STRJRNPF, au utumie transaction isolation=none ukijua kwamba hapo hakuna kurudi nyuma.

Mkuu, rudisha jt400, pima zile poti tatu kutoka kwenye seva, uliza muda wa fayawoli. Kesho saa nane mchana kosa likitokea, lete hapa SQLSTATE, namba, na ujumbe wote kama ulivyo. Paswedi futa kwanza.