Magari ya umeme yatawaweza wakongwe?

SWALI: Kaka mhariri, hivi kampuni mpya ya magari ya umeme inaweza kweli kuwapiku kina Toyota au ni kelele tu? Hapa kijiweni tunabishana kila siku.

JIBU: Inaweza mdogo wangu, ila njia ina miiba kweli. Cheki Tesla, wameanza 2003 huko California, 2008 nusura wafilisike, alafu 2010 wakanunua kiwanda cha Fremont ambacho zamani Toyota na General Motors walikuwa wanaunda magari pamoja, yaani waliingia nyumba ya wakubwa wenyewe! Kubuni gari sio shughuli, shughuli ni kulitoa kiwandani kwa maelfu kila wiki, 2018 gari zao za Model 3 zilikwama mpaka wakapiga hema kubwa nje wakawa wanaunga magari humo humo. Wakatoboa, 2023 Model Y ikauzwa kuliko gari lolote duniani. Fisker, kampuni nyingine ya magari ya umeme, nao walileta gari zuri tu, 2024 wakafilisika. Mi Tesla nawaogopea zaidi BYD wa China kuliko Toyota, maana wale wameanza na betri tangu 1995, na betri ndo inakula hela nyingi kwenye gari la umeme, wao wanajitengenezea wenyewe.