Una Digrii na Kazi Nzuri, Bado Unaweza Kuwa na ADHD

Wiki hii kuna dada kanitumia meseji ndefu saa nane usiku. Anasema kila akisoma kuhusu ADHD, ile hali ya ubongo inayofanya iwe vigumu kutulia na kukazia akili jambo moja, anajiona yeye mtupu, ila daktari kamwambia haiwezekani, mtu umesoma, una kazi, hayo ni mawazo tu kapumzike. Nimekasirika upya, maana mimi niliambiwa karibu vilevile.

Nimegundulika nina ADHD nikiwa mama mzima. Shuleni nilikuwa yule mtoto wa dirishani, mwili upo akili haipo, ila sisumbui mtu na mitihani nafaulu kwa kukesha usiku wa mwisho. Ripoti zote wimbo mmoja, ana akili ila hajitumi. Aliyepelekwa kupimwa ni mvulana aliyekuwa anapanda juu ya madawati. Mimi siku nikielemewa nikajibu kwa sauti naitwa mjeuri, yameisha.

Ukubwani ndo usiseme. Kazi ya wiki nzima naimaliza usiku mmoja, halafu fomu ya kurasa mbili inakaa mezani miezi, naiona kila asubuhi, naifuta vumbi, naiacha palepale na roho inaniuma. Hospitali nikapewa dawa za dipresheni, nikarudi nikaambiwa ni stresi. Ndugu zangu nao wakasema hayo magonjwa ya wazungu, sisi wanawake weusi tumeumbwa kuvumilia. Hiyo iliniuma kuliko ya daktari na mpaka leo haijatoka.

Na sio bahati mbaya yangu peke yangu. Daktari Leo Kanner alipoandika mwaka 1943 kuhusu usonji (autism), hali nyingine ya ubongo ambayo mtu anaweza kuwa nayo pamoja na ADHD, alieleza watoto 11, wavulana 8. Mwaka uliofuata daktari mwenzake Hans Asperger akaeleza wavulana wanne, msichana hata mmoja hamna. Picha iliyobaki vichwani mwa watu ni ya mtoto wa kiume, tena mzungu, sasa wewe mwanamke mweusi unayejua kukaa kimya na kuigiza kama wenzako nani atakuona? Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown walionyesha kwamba watu wazima Marekani wanawaona wasichana weusi kama wakubwa kuliko umri wao, hawahitaji sana kulelewa wala kulindwa. Ndo hivyo, akihangaika mwenzako anasaidiwa, ukihangaika wewe unakaripiwa.

Kwa hiyo dada zangu, najua mnataka kupanda vyeo, kumaliza masomo, kulea vizuri, msikubali kuitwa wavivu na mtu ambaye hajawahi kuona mnavyokesha. Acheni kuuvaa uimara kama sare! Watoto wetu wa kike wanatuangalia, wanajifunza kuficha kutoka kwetu.

Ukienda kupimwa nenda na ushahidi. Tafuta ripoti za shule za zamani, muulize mama au shangazi ulikuwaje mdogo, kwa sababu DSM-5, mwongozo wa Marekani wa 2013 ambao madaktari wanautumia kutambua hali hizi, unataka dalili ziwe zilianza kabla ya miaka 12, na wengi wetu tunakataliwa hapo maana hakuna aliyeziandika. Andika mambo yenyewe, ile fomu, zile bili ulizosahau wakati hela ipo, usiseme tu nasahausahau. Usijipambe ukatabasamu mbele ya daktari kama uko kwenye intavyuu ya kazi. Na uulize vyote viwili, ADHD na usonji, maana toleo la mwongozo huo lililotumika kabla ya 2013 halikuruhusu mtu kupewa vyote pamoja na kuna madaktari bado wanafikiri hivyo.

Kwako dada wa saa nane usiku, rudi. Na uende na mtu ambaye hatanyamaza. Akikataa tena kukupima mwambie aandike kwenye faili kwamba uliomba, amekataa, na sababu yake ni ipi, halafu omba kopi uende nayo kwa daktari mwingine.