Kisanduku cha mkubwa kimejaa na laini ni nyonge: fanyia kazi kwenye seva yenyewe

Dada wa Bukavu, nimelisoma swali lako mara mbili. Unasema kisanduku cha barua pepe cha mkurugenzi wenu kina barua zaidi ya 60,000 na kimejaa, barua mpya zinarudi kwa watumaji, ukurasa wa barua kwenye kivinjari unazunguka mpaka unakata, na Thunderbird imekula mega za wiki nzima bila kumaliza. Seva ni yenu, Debian 12 yenye Postfix (inayopokea na kutuma barua) na Dovecot (inayozitunza visandukuni), root, yaani mamlaka yote ya seva, unayo, ila hujawahi kugusa barua za watu kwa amri na unaogopa kufuta kitu kisichorudi. Hofu hiyo ina haki yake. Mimi ilinipata baada ya kufuta, na nitakusimulia huko chini.

Niko Goma, nasimamia visanduku 34 vya shirika dogo. Seva tumekodi Ufaransa. Kazi hii naifanya kwa ssh tu, yaani naingia seva kwa mbali na kuandika amri, na sababu kubwa ni laini yetu. Ukifungua kisanduku kikubwa kwa Thunderbird, kwa desturi yake inateremsha barua nzima pamoja na viambatanisho vyake. Kwa ssh barua hazisafiri kabisa. Kinachosafiri ni herufi unazoandika na mistari michache ya majibu. Mei 2021, volkano yetu ya Nyiragongo ilipolipuka usiku wa tarehe 22 na tarehe 27 tukaamriwa kuhama, wengine walivuka kwenda Gisenyi, wengine wakapanda boti kuja kwenu, mimi nikaishia Sake na simu moja. Kisanduku cha shirika kilijaa picha ambazo watu walikuwa wanatumiana. Nilikisafisha nikiwa nimekaa juu ya gunia, kwa Termux (programu ya kuandika amri kwenye simu), mtandao ukija na kuondoka. Kwa kivinjari nisingeweza.

Kwa hiyo kabla ya amri yoyote ya barua, ingia seva kisha andika:

tmux new -s barua

Usiliruke hili. Laini ikikatika katikati ya kazi, amri uliyoanzisha ndani ya ssh tupu nayo huuawa. Ndani ya tmux inaendelea bila wewe. Umeme ukirudi unaingia tena, unaandika tmux attach -t barua, unaikuta pale pale. Ukiweza weka pia mosh, njia nyingine ya kuingia seva, ambayo haijali simu ikibadilisha anwani. Sisi tulio karibu na Petite Barrière, mpakani na Rwanda, simu inashika mnara wa hapa, mara ya ng'ambo, na ssh ya kawaida haivumilii hilo.

Sasa mkubwa wako. Usifute chochote leo. Leo mwongezee nafasi ili barua ziache kurudi. Angalia kwanza diski kwa df -h, na kama ipo nafasi tafuta quota_rule (mstari unaoweka kikomo cha kisanduku) popote mlipoiandika, iwe kwenye usanidi wa Dovecot au kwenye hifadhidata ya watumiaji, uipandishe kwa muda. Ukiwa umegusa faili ya usanidi, malizia na doveadm reload (doveadm ndiyo amri ya kusimamia Dovecot). Kisha hakikisha:

doveadm quota get -u mkurugenzi@example.org

Tarakimu za STORAGE ziko kwa kilobaiti, zisikutishe. Baada ya hapo uliza folda ipi imebeba nini:

doveadm mailbox status -u mkurugenzi@example.org 'messages vsize' '*'

Nyota iweke ndani ya alama za kunukuu, la sivyo shell itaibadilisha kuwa majina ya faili zilizopo hapo ulipo. Jibu la amri hii mara nyingi linashangaza. Kwa mkubwa wetu sisi, INBOX ndiyo iliyokuwa na barua nyingi, lakini uzito wote ulikuwa kwenye zilizotumwa: alikuwa akituma ripoti ileile ya PDF kwa watu kumi, mmoja mmoja.

Hapo utakutana na jambo letu sisi tunaotumia kompyuta za Kifaransa. Outlook ya Kifaransa inaweza kuwa imejitengenezea folda zake, na ukienda kutazama diski kwa ls -a utakuta kitu kama .Envoy&AOk-s au .&AMk-l&AOk-ments supprim&AOk-s. Usidhani faili zimeharibika. Ni Envoyés na Éléments supprimés, zimeandikwa kwa mtindo ambao IMAP hutumia kwa herufi zenye alama. Kwenye doveadm andika jina kama linavyosomeka, na lihakiki kwa doveadm mailbox list -u. Nakwambia kwa sababu kisanduku kimoja kinaweza kuwa na Trash na pia Éléments supprimés, na ukisafisha moja, ya pili inabaki na mizigo yake yote.

Ukishajua folda, tafuta. Kwa mfano barua za zaidi ya megabaiti 10:

doveadm search -u mkurugenzi@example.org mailbox Envoyés larger 10M | wc -l

Hiyo inakupa idadi. Kuziona zenyewe:

doveadm fetch -u mkurugenzi@example.org 'date.received size.physical hdr.to hdr.subject' mailbox Envoyés larger 10M

Huu ndio mwiko wangu: maneno ya kutafuta, kuanzia mailbox, ni yaleyale kwa search, fetch, move na expunge (hii ya mwisho ndiyo inayofuta kabisa). Kwa hiyo naandika search, nahesabu. Naandika fetch, nasoma mistari kadhaa, juu, katikati na mwisho. Halafu nabonyeza mshale wa juu mpaka kwenye ile ya search, naondoa | wc -l, nabadilisha neno search kuwa expunge. Sijawahi tena kuandika expunge kwa kuianza upya, hata kama nina uhakika. Na naangalia mara mbili kwamba ni -u na si -A, kwa kuwa -A inapita visanduku vya watu wote.

Kama mkubwa hataki kitu kifutwe (wakubwa wengi hawataki), mhamishie za zamani:

doveadm mailbox create -s -u mkurugenzi@example.org Hifadhi
doveadm move -u mkurugenzi@example.org Hifadhi mailbox INBOX before 2020-01-01

Ile -s inaiandikisha folda ili aione kwenye Thunderbird. INBOX itakuwa nyepesi na kivinjari kitafunguka. Lakini elewa kwamba kuhamisha ndani ya kisanduku kilekile hakupunguzi ujazo wake hata kidogo. Usimwahidi nafasi hapo. Nafasi inatoka kwenye expunge peke yake, na kwa kawaida inatosha kuanzia Junk, kapu la takataka na viambatanisho vikubwa vilivyojirudia.

Sasa kisa changu. Nilikuwa na kazi ya cron (amri inayojiendesha kwa ratiba), kila usiku saa nane, ya kumwaga takataka za zaidi ya siku 30:

doveadm expunge -A mailbox Trash before 30d

Isome vizuri, kwa sababu mimi niliisoma miezi mingi nikaona iko sawa. Siku moja mhasibu wetu alikuwa anapanga barua zake. Alichagua ankara zote za muuzaji wa dizeli za mwaka 2017, barua 212, akaziburuta kwenda folda ya Fournisseurs. Kidole kikateleza, zikaangukia Trash. Hakugundua. Asubuhi yake wakaguzi wanazitaka, anafungua Fournisseurs hakuna kitu, anafungua Trash hakuna kitu. Alikuja mezani kwangu akiwa amenyamaza, na mimi nikajua kabla hajasema.

Neno before linapima tarehe barua ilipopokelewa. Barua ya 2017 ina umri wa miaka, kwa hiyo ikiingia Trash jioni, usiku huohuo inahesabiwa kuwa imepita siku 30. Zile barua zilikaa kwenye kapu saa zisizofika 12. Neno nililotakiwa kuandika ni savedbefore, linalopima tangu barua ilipowekwa kwenye folda ile. Lipo na la tatu, sentbefore, linalofuata tarehe aliyoiandika mtumaji, na hiyo usiiamini kwa kufuta, kwa sababu kompyuta yenye saa iliyokosewa hutuma barua za mwaka 1970. Siku hizi cron yangu inasema mailbox Trash savedbefore 30d. Unaweza pia kuiachia Dovecot yenyewe kwa kuandika autoexpunge = 30d kwenye usanidi wa folda ile, nayo inapima kwa njia hiyohiyo ya kuwekwa.

Ankara zilirudi, kwa sababu kila Jumapili nilikuwa nachukua nakala ya Maildir (kabrasha ambamo Dovecot hutunza barua) kwa rsync -a kwenda diski nyingine. Nilitoa nakala ya ile nakala, nikaipa umiliki wa vmail, mtumiaji anayemiliki barua kwenye seva yetu (Dovecot inaacha humo faili zake za faharasa, hivyo lazima iweze kuandika), kisha:

doveadm import -u uhasibu@example.org maildir:/mnt/muda/uhasibu/Maildir Zilizorudi mailbox INBOX from dizeli

Mhasibu alivuta kiti akakaa pembeni yangu. Nilihesabu kwa search na wc -l, ikaandika 212. Alishika mkono wangu bila kusema neno.

Kuhusu hiyo -a ya rsync: ishike. Kwenye Maildir, tarehe ya kupokelewa Dovecot inaisoma kwenye mtime ya faili, yaani wakati faili ilipobadilishwa mara ya mwisho. Ukinakili kwa cp tupu, barua zote za miaka kumi zitaonekana zimefika leo, na mkubwa atakupigia simu. Tumia rsync -a au cp -a. Tarehe ya kuwekwa nayo hutokana na ctime, alama nyingine ya wakati ya faili ambayo hainakiliki, kwa hiyo baada ya kuhamia seva mpya zile siku 30 za savedbefore zinaanza kuhesabiwa upya. Hilo halina madhara, barua zinakaa kapuni muda mrefu zaidi kidogo.

Pia usiogope kuingia ndani ya Maildir kutazama. Kila barua ni faili moja. Ninayo moja ambayo sijaifuta:

1621712874.M48213P9127.seva,S=2318,W=2371:2,S

Zile tarakimu za mwanzo ni sekunde. Ukiandika date -u -d @1621712874 utapata tarehe 22 Mei 2021, saa 19:47 za UTC, maana yake hapa kwetu ilikuwa inakaribia saa nne usiku, mbingu juu ya Goma ikiwa nyekundu. S=2318 ni ukubwa kwa baiti. S ya mwisho, baada ya :2, ni kwamba imesomwa. R ni imejibiwa, F imewekewa alama, T imetiwa alama ya kufutwa. Ndani yake kuna mwenzetu wa Bukavu anauliza kama tuko wazima. Seva ilikuwa Ufaransa, iliipokea na kuitunza wakati sisi huku hatuna umeme wala mtandao.

Tazama, ila usifute kwa rm. Barua itaondoka kweli, lakini hesabu ya ujazo inaweza kubaki ya zamani, na mtu anaambiwa amejaa wakati kisanduku ni kitupu. Ikiwa aliyekutangulia alifanya hivyo, doveadm force-resync -u jina '*' na kisha doveadm quota recalc -u jina huwa zinarekebisha.

Kingine, kwa kuwa kila barua ni faili: siku moja seva ilikataa barua ikilalamika hakuna nafasi, na df -h ikionyesha diski nusu tupu. Jibu lilikuwa kwenye df -i. Inode, yaani nafasi za kuandikisha faili, zilikuwa zimekwisha, kwa sababu kisanduku kimoja ambacho hakuna anayekisoma kilikuwa kimepokea ripoti za cron za miaka, faili ndogondogo zisizohesabika. Kiangalie hicho pia kwenu, hasa root na postmaster.

Barua zilizokwisha kurudi kwa watumaji, hizo huwezi kuziita, watumaji watume tena. Lakini kagua postqueue -p, huenda nyingine zimekwama kwenye foleni yenu. Postfix huzishikilia siku 5 kabla ya kukata tamaa, kama hamkubadilisha. Ukishapata nafasi, postqueue -f inazisukuma. Usiguse postsuper -d ALL, inayofuta foleni yote, hata ukiona mtu ameiandika mahali.

Haya yote ni ya Dovecot 2.3, ambayo ndiyo mliyo nayo kwa Debian 12. Mkipanda Debian 13 mtakutana na 2.4, na faili za usanidi za zamani hazikubaliki humo, lazima kuziandika upya. Msipande kabla kisanduku hiki hakijatulia.

Usiku, laini ikitulia, endesha ile mailbox status ndani ya tmux, ufute anwani, ubandike matokeo hapa. Nikishaona folda ipi ndiyo nzito, tutaandika search yake pamoja kabla hujagusa expunge. Na nijibu jambo moja sasa hivi: nakala ya barua zenu mnayo wapi, na mara ya mwisho ilichukuliwa lini?