Maswali ya Wasomaji: Mitterrand na adhabu ya kifo

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, salamu kutoka Ngamiani, Tanga. Barazani kwetu tulijadili adhabu ya kifo, ambayo ingali katika sheria zetu, na mwalimu mmoja mstaafu akasema kwamba Rais François Mitterrand aliifuta nchini Ufaransa ingawa wananchi wengi waliitaka. Je, ni kweli? Na rais aliyechaguliwa na watu ana haki gani ya kwenda kinyume nao?

JIBU: Ni kweli, ndugu msomaji. Mitterrand, msoshalisti aliyezaliwa Jarnac mwaka 1916, alishindwa katika uchaguzi wa 1965 na wa 1974 kabla ya kuupata urais Mei 1981, akakaa madarakani miaka 14. Machi ya mwaka huo wa ushindi, kampeni zikiwa zimepamba moto, aliulizwa katika televisheni kuhusu adhabu ya kifo, akajibu waziwazi kwamba dhamiri yake inaikataa, ilhali alijua fika kuwa wengi hawakuwa naye. Kwa maoni yangu haki unayoiulizia aliipata hapo, kwani wapiga kura hawakufichwa jambo. Septemba 18, Bunge liliupitisha muswada wa Waziri wa Sheria, Robert Badinter, kwa kura 363 dhidi ya 117, na miongoni mwa waliouunga mkono alikuwamo Jacques Chirac wa upinzani. Gilotini, mashine ya kukata vichwa iliyotumika mara ya mwisho Marseille mwaka 1977, ikawekwa kando kwa sheria ya Oktoba 9.

Hata hivyo, mwambieni mwalimu na upande wa pili. Mitterrand huyohuyo alikuwa Waziri wa Sheria mwaka 1956 na 1957, Waaljeria wakipigania uhuru wao kutoka Ufaransa, na makumi ya wafungwa walikatwa vichwa katika kipindi hicho, yeye akiwa ameshauri kwamba maombi mengi ya msamaha yakataliwe. Nchi yetu nayo, iliyowapokea Ngara wakimbizi wa Rwanda mwaka 1994, ina sababu ya kukumbuka jinsi alivyoikumbatia serikali ya Habyarimana, rais wa Rwanda kabla ya mauaji ya kimbari ya mwaka huo. Tume ya wanahistoria iliyoundwa na Ufaransa yenyewe ilisema mwaka 2021 kwamba nchi hiyo ilibeba dhamana nzito, ingawa haikuona ushahidi wa kushiriki katika mauaji ya kimbari. Mimi simpunguzii sifa ya 1981, lakini sikubali itumike kuwafunika waliokufa Algiers.

Mitterrand alifariki Januari 1996. Mwaka 2007, Chirac akiwa rais, marufuku ya adhabu ya kifo iliingizwa katika Katiba ya Ufaransa.