Alumini chakavu: chambua kwanza, moto baadaye

Vijana wengi wanaoanza kazi ya kusubu, yaani kuyeyusha metali na kuimimina kwenye umbo, hapa Arusha wana haraka na moto. Wananunua kiroba cha skrepa, wanakimwaga chote kwenye chungu cha kuyeyushia, wanawasha blowa. Mikuo, yaani matofali ya alumini ya kusubia sufuria, inatoka inang'aa, mteja anafurahi, halafu mwezi haujaisha sufuria imepasuka mpinini. Kazi hii inaamuliwa kabla mkaa haujashika, pale unapokaa chini na rundo lako ukachambua kipande kimoja kimoja.

Kwa malighafi tuna bahati. Mji wetu ni wa magari ya utalii, na gereji za mtaa wa Unga Limited hazikosi pistoni, silinda hedi na maboksi ya gia. Pistoni ndiyo mali hasa. Ina silikoni ndani yake, kwa hiyo ikiyeyuka hutiririka vizuri na kujaza kalibu, yaani lile umbo la kumiminia, mpaka kwenye pembe. Fremu za madirisha ni laini zaidi, na nyaya za umeme zinakaribia kuwa alumini tupu. Hizo naziyeyusha peke yake. Makopo ya soda na bia siyanunui: ni membamba mno, yana rangi nje na plastiki ndani, na sehemu kubwa inaishia kuwa taka juu ya chungu.

Vya kuogopa ni vile vinavyofanana na alumini. Mashine za chenso na baadhi ya injini za zamani zina magnesi, metali nyepesi kuliko alumini. Piga tupa sehemu moja mpaka weupe uonekane, kisha dondosha siki. Alumini itakaa kimya. Magnesi itatoa mapovu papo hapo. Ikishika moto huwaka kwa mwanga mweupe wa kuumiza macho, na ukiimwagia maji unauchochea. Weka mchanga mkavu karibu, siku zote.

Kabureta nyingi na vitasa vya milango ni zinki. Hivyo vinajulikana mkononi, maana kwa ukubwa uleule zinki ina uzito wa zaidi ya mara mbili na nusu ya alumini. Ikichanganyika inaifanya alumini iwe rahisi kukatika, na moshi wake unaleta homa na baridi usiku.

Lakini linaloninyima usingizi ni metali ya risasi. Inayeyuka kwenye nyuzi 327, wakati alumini inangoja mpaka 660, kwa hiyo inaingia chunguni mapema bila kuonekana. Mara nyingi inakuja na rimu: vile vizani vidogo vya kusawazisha gurudumu, vimebanwa ukingoni au vimegandishwa kwa ndani chini ya tope na vumbi la breki. Osha rimu, izungushe yote, kila kizani king'oe kwa tindo. Sufuria zetu zinapika uji wa watoto. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo, na mama hawezi kuiona wala kuionja. Fundi akisema "itaungua tu motoni" anawadanganya watu. Haiungui, inabaki humo.

Chuma kinashikwa na sumaku, hicho hakisumbui. Toa pini na ringi za pistoni mapema. Kilichofichika ndani kitazama chini ya chungu. Kiopoe haraka, kwa sababu kikikaa sana kinaanza kuliwa na alumini, na mkuo unakuwa wa kuvunjika.

Sasa maji. Masika skrepa inalala nje, inanyeshewa. Tone likinaswa chini ya alumini iliyoyeyuka linageuka mvuke unaojaa zaidi ya mara 1,600 ya nafasi yake ya mwanzo, na chungu kinatapika. Kwa hiyo kila kinachogusa chungu hukaa kwanza pembeni mwa tanuri mpaka kipate moto: skrepa, upawa, nondo ya kukorogea, kalibu. Shoki absoba na kitu chochote kilichozibwa usikitie. Usimiminie juu ya zege pia, lina unyevu ndani na hulipuka. Tandaza mchanga mkavu. Vaa viatu vya ngozi, suruali ishuke nje ya kiatu isiwe ndani, na miwani usoni. Ndala ziache nyumbani.

Usizidishe moto. Alumini iliyopitiliza hunyonya gesi, na mkuo unajaa matundu kama mkate. Ikilainika yote, sukuma taka taratibu kwa upawa mpaka kioo cheupe kionekane, mimina bila kurukisha, halafu uache mkuo upoe wenyewe.

Kabla haujahamishwa, upige alama kwa tindo: P ya pistoni, F ya fremu. Baada ya wiki mbili mikuo yote inafanana, na hapo ndipo mafundi wanapoanza kubahatisha. Kwangu mkuo usio na alama unakwenda kwenye miguu ya meza au mapambo ya geti. Jikoni hauingii, hata mteja akiharakisha namna gani.