Mume kazini, mke disabiliti: tufaili kodi pamoja au kila mtu kivyake?

Msimu wa kodi Marekani umefika na barua za wasomaji wetu wa kule karibu zote zinazunguka uvumi mmoja, kwamba wanandoa wakifaili (yaani wakipeleka hesabu za kodi ya mwaka) kila mtu kivyake basi hela ya ulemavu inakuwa salama. Nimechagua barua nne nizijibu kwa kirefu kidogo manake naona watu wanaumia bure.

Swali: Habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, niko Ohio. Nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, mgongo ukaharibika, baada ya kuhangaika sana nikapata SSDI, yaani malipo ya ulemavu ya Social Security, mfuko wa hifadhi ya jamii wa serikali kuu, napokea $1,500 kwa mwezi. Mume wangu yuko ghalani, mwaka 2025 alipata kama $40,000. Sasa dada mmoja wa kanisani ananiambia nisikubali kabisa kufaili na mume, ati tukifaili pamoja Social Security wataiona hela yake wanikatie malipo, na itakayobaki itakatwa kodi. Mume anasema tufaili pamoja kama siku zote. Tumeshagombana wiki nzima. Nani yuko sawa?

Jibu: Pole sana mama kwa mgongo, na pole kwa ugomvi. Mumeo yuko sawa. Dada wa kanisani nadhani anakutakia mema ila amechanganya mambo mawili, na hata hilo la pili amelipata kinyume.

Kwanza hilo la kukatiwa. SSDI haiangalii mume wako anapata ngapi. Hiyo ni hela yako uliyoichangia kwa kodi ya Social Security iliyokuwa inakatwa kwenye kila cheki yako ulipokuwa kazini, kwa hiyo mumeo apate $40,000 au $400,000, wewe $1,500 yako iko palepale. Wanachoangalia ni kama wewe mwenyewe umerudi kazini na unapata kiasi gani. Inayoangalia kipato cha mume au mke inaitwa SSI, msaada wa walemavu na wazee wenye kipato kidogo, na huyo ni mnyama mwingine kabisa, tutamfikia kwenye barua inayofuata.

Sasa la kodi. Ni kweli SSDI inaweza kutozwa kodi ya serikali kuu, na hesabu yake iko hivi: chukua kipato kingine chote cha mume na mke, ongeza riba hata ile isiyotozwa kodi, alafu ongeza nusu ya SSDI ya mwaka. Wewe SSDI yako ni $18,000, nusu yake $9,000, ukijumlisha na ya mume inakuwa $49,000. Wanaofaili pamoja wakiwa chini ya $32,000 SSDI haiguswi, kati ya hapo na $44,000 inaweza kuguswa mpaka nusu, na kupita $44,000 mpaka asilimia 85. Watu wakisikia 85 wanapata presha wanadhani serikali inachukua 85, hapana, ni sehemu inayoingizwa kwenye kipato ndo ianze kupigiwa kodi, na wengi hawafiki hata hiyo 85. Kwenu inayoingia ni $10,250. Ukiijumlisha na $40,000 ya mume inakuwa $50,250, na ukiitoa ile $31,500 ambayo wanandoa waliofaili pamoja mwaka 2025 hawatozwi, kodi ya nyumba nzima inakuja kama $1,875, na hapo hatujagusa krediti za watoto, yaani hela inayopunguzwa kwenye kodi ya wenye watoto.

Vile viwango vya $32,000 vilipitishwa 1983 vikaanza kutumika 1984, hicho cha $44,000 kikaja 1993, na mpaka leo havijapandishwa hata senti moja wakati kila kitu kingine kimepanda. Hili linaniuma kusema kweli, manake vilitungwa kwa ajili ya watu wenye uwezo na leo vinamkamata mtu wa ghalani na mkewe mgonjwa.

Haya, sasa fuateni ushauri wa kanisani mfaili kila mtu kivyake huku mnaishi nyumba moja. Sheria inasema mwanandoa anayefaili kivyake na ameishi na mwenzake hata siku moja ndani ya mwaka, kiwango chake ni sifuri. Sio $32,000, sio hata $25,000 ya mtu asiye na ndoa, ni sifuri, yaani dola ya kwanza ya SSDI tayari iko kwenye hesabu. Kwako wewe ambaye huna kipato kingine itaingia $7,650, na kwa kuwa uko chini ya ile $15,750 ya anayefaili kivyake, ritani yako, ile fomu ya kodi unayopeleka, itasema hudaiwi kitu. Hapa ndo watu wanadanganyika! Unaona sifuri unafurahi unaenda kuwasimulia wenzako, kumbe ritani ya mumeo imebeba $2,671 peke yake. Nyumba imelipa karibu $800 zaidi, na hela yenyewe inatoka kwenye kapu lilelile mnalonunulia chakula cha watoto.

Na bado. Mkifaili kivyake mnaishi pamoja mnaipoteza EITC, ile krediti ya wafanyakazi wa kipato cha chini. Kwa mwaka 2025 wenye watoto wawili wakifaili pamoja wanaweza kupata kitu mpaka kipato kikaribie $64,000, na kwa hesabu yenu inafika karibu $3,000, alimradi nyote pamoja na watoto mna namba za Social Security zinazoruhusu kazi. Sasa mtu anayekwambia uache $3,000 ili ukwepe kodi ambayo krediti za watoto zingeifuta karibu yote, mama, msikilize kwa heshima alafu usifuate.

Kama watoto nao wanapokea kitu kupitia rekodi yako, hicho ni kipato cha mtoto hata kama cheki inaandikwa jina lako, usikijumlishe kwenye chako. Na kama hamtaki kushtukizwa na bili mwezi wa nne, jaza fomu W-4V uwaombe Social Security wakate kodi kila mwezi, unachagua asilimia 7, 10, 12 au 22, au mume aongeze makato kidogo kazini kwake.

Sisemi kivyake ni dhambi. Ukifaili pamoja nyote wawili mnadaiwa kodi yote, kwa hiyo mke mwenye mume anayeficha hela za biashara ana haki ya kukataa kusaini, na mwenye mkopo wa shule unaolipwa kulingana na kipato anaweza kupata nafuu akifaili peke yake. Hiyo inataka hesabu, msiifanye kwa kusikia. Kama tatizo ni deni la zamani la mume linalokula rifandi yenu (kodi iliyozidi mnayorudishiwa), kuna fomu 8379 ya kuomba sehemu yako, hamna haja ya kutengana kwenye karatasi. Na kama miaka iliyopita mlishafaili kivyake, mna miaka 3 ya kurekebisha muwe pamoja kwa fomu 1040-X. Kinyume chake haiwezekani, ukishafaili pamoja na tarehe ya mwisho ikapita, imepita.

Swali: Kaka, mimi nipo kwenye SSI kwa sababu ya macho na figo. Mke wangu ameanza kazi ya kusafisha maofisi, anapata $1,500 kwa mwezi kabla ya makato. Tukifaili kodi kila mtu kivyake, si Social Security watamhesabu kama mtu mbali?

Jibu: Hapana ndugu yangu, na naomba usijaribu. SSI haitozwi kodi hata senti, wala huletewi fomu ya kodi kwa ajili yake, na wanaoisimamia hawajali umefaili vipi. Wanauliza jambo moja, mnaishi pamoja kama mume na mke? Kama ndio, kipato chake kinahesabiwa, na hata ambao hawajafunga ndoa ila wanajitambulisha kwa watu kuwa ni mke na mume wanahesabiwa hivohivo.

Hesabu yenyewe si ya kutisha sana ukiielewa. Kwenye $1,500 ya mkeo wanaondoa $20, wanaondoa $65, inayobaki wanaigawa nusu, inakuwa $707.50. Hiyo inatolewa kwenye kiwango cha wanandoa ambacho kwa 2026 ni $1,491, unabaki na $783.50 badala ya $994 ya mtu mmoja. Kama mna mtoto asiyepokea misaada ya namna hiyo kuna sehemu ya kipato cha mama inatengwa kwa ajili yake kwanza, na jimbo lako linaweza kuongeza kidogo. Kwa hiyo kazi ya mkeo imeingiza $1,500 na kupunguza kama $210, nyumba imefaidika sana, asiache kazi! Kinachowaangamiza watu ni kunyamaza. Mshahara wake uripotiwe kufikia tarehe 10 ya mwezi unaofuata, usiporipoti watakuja kukudai walichokulipa zaidi na deni hilo linakufuata miaka.

Rifandi yenu ya kodi isikutie hofu. Haihesabiwi kama kipato, na mkiiweka benki haihesabiwi kwenye akiba yenu kwa miezi 12. Baada ya hapo inaingia kwenye kikomo cha $3,000 kwa wanandoa, $2,000 kwa mtu mmoja, kikomo kilichoganda tangu 1989. Nina hasira na hicho kikomo, nasema wazi. Kinamlazimisha mgonjwa wa figo kubaki bila akiba, na wawili wote wa SSI wakioana wanapewa $1,491 wakati kila mmoja peke yake wangekusanya $1,988, ndo maana wapo wanaopendana na wanaogopa kuoana. Kama ulemavu wako ulianza kabla ya kufikisha miaka 46 ulizia akaunti ya ABLE, ile ya akiba ya watu wenye ulemavu, tangu Januari 2026 umri umepandishwa kutoka 26, na hela mpaka $100,000 humo haigusi SSI.

Swali: Nilisubiri SSDI tangu 2023, mwaka jana wakanikubali wakaniwekea malimbikizo yote kwa mpigo, fomu ya SSA-1099 inaonyesha $41,000. Mke anafanya kazi. Si bora nifaili peke yangu? Alafu nimesikia kodi ya Social Security imefutwa.

Jibu: Haijafutwa. Sheria ya 2025 imewapa wenye miaka 65 na kuendelea punguzo la mpaka $6,000 kwa miaka ya 2025 hadi 2028, na wenye ndoa lazima wafaili pamoja kulipata. Wewe wa SSDI ambaye hujafika 65 haikuhusu, samahani.

Kuhusu malimbikizo, kufaili peke yako kutakuumiza kwa ileile sababu ya kiwango cha sifuri. Dawa yako iko kwingine. Sheria inakuruhusu kuhesabu sehemu ya 2023 na 2024 kana kwamba uliipokea miaka hiyo, kwa kutumia kipato cha miaka hiyo, na mara nyingi kodi inashuka sana. Hurekebishi ritani za zamani, unafanya hesabu tu alafu unaweka alama kwenye kiboksi cha mstari wa 6c kwenye fomu 1040. Karatasi za hesabu ziko kwenye kijitabu namba 915 cha IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, na SSA-1099 yako imeandika ni kiasi gani cha malimbikizo ni cha mwaka upi. Tafuta ritani zako za miaka hiyo kabla hujaenda kwa mtu wa kodi, na akikwambia hajawahi kusikia kitu kama hicho, nenda kwa mwingine. Kuna VITA, watu wa kujitolea waliopitishwa na IRS wanaosaidia bure wenye kipato cha chini na walemavu, waulize kwanza kama wanafanya hesabu za malimbikizo.

Na ujue hata ile hela aliyokatwa wakili wako imo ndani ya hiyo $41,000, usishangae ukiona namba kubwa kuliko iliyoingia benki.

Swali: Niko SSDI na nina kazi ndogo ya masaa machache. Mume aliondoka nyumbani mwezi wa tatu 2025, mtoto yuko na mimi, talaka bado. Aliyenijazia kodi anataka kuniandika sijaolewa. Ni sawa?

Jibu: Si sawa, dada, ukiwa kwenye ndoa tarehe 31 Desemba wewe umeolewa kwa mwaka mzima. Ukifaili kivyako kama mke, ile miezi ya Januari mpaka Machi mliyoishi pamoja inakuangusha kwenye kiwango cha sifuri. Ila usikate tamaa, kama miezi 6 ya mwisho ya mwaka mumeo hakuishi hapo, mtoto ameishi kwako zaidi ya nusu mwaka na wewe ndo umelipa zaidi ya nusu ya gharama za nyumba, sheria inakuruhusu kufaili kama mkuu wa kaya. Hapo kiwango chako kinakuwa $25,000 na EITC unaweza kuidai. Mwambie aliyekujazia abadilishe kabla hujasaini, na uweke risiti za kodi ya nyumba na barua ya shule inayoonyesha mtoto anaishi kwako.