Maswali Yenu: Setilaiti na Theluji ya Antaktika

Setilaiti hupimwa maabara kabla ya kurushwa. Theluji ya Antaktika ya kuzikagulia ni ya nini tena? (Msomaji, Dodoma)

Ikishatikiswa na roketi, vile vipimo vya maabara si vya kuviapia. Juu huko mionzi ya jua nayo huchakaza vioo mwaka hadi mwaka. MODIS, kihisi (jicho la kupimia mwanga) kwenye setilaiti ya Terra iliyorushwa Desemba 1999, ilichakaa zaidi upande wa mwanga wa buluu. Fundi hapandi huko. Lazima pawe na kitu ardhini kisichobadilika cha kuipimia, kama jiwe la mizani, na theluji ya Antaktika ni mojawapo.

Kwa nini wanasayansi wanaipenda Dome C? (Msomaji, Nairobi)

Dome C iko Antaktika ya Mashariki, nyuzi 75 kusini, zaidi ya mita 3,200 juu ya usawa wa bahari. Ni tambarare hasa, na upepo wake ni mpole kuliko ule wa pwani, kwa hiyo hauchongi matuta makubwa ya theluji. Hewa ni nyembamba, kavu, haina vumbi la kupotosha mwanga. Setilaiti za obiti ya ncha, yaani zinazozunguka zikipita karibu na ncha za dunia, hupita eneo hilo mara nyingi kwa siku. Mbili zikipishana karibu wakati mmoja, unazilinganisha papo hapo. Na watu wapo: kituo cha Concordia cha Ufaransa na Italia hukaliwa mwaka mzima tangu 2005.

Ila msiiabudu. Jua halipandi juu sana pale, na theluji hairudishi mwanga sawa kila upande, hivyo pembe za jua na za setilaiti lazima zihesabiwe. Wakati wa baridi kali jua halionekani kwa takriban miezi mitatu. Tena weupe huo ni wa macho yetu tu: kwenye infraredi ya mawimbi mafupi, mwanga tusiouona, theluji hufifia sana, kutegemea ukubwa wa chembe zake. Ndiyo maana jangwa la Libya bado linahitajika. Anayekuuzia theluji kwa bendi zote (vipande vya mwanga ambavyo kihisi hupima), mkimbie.

Si tutumie Kilimanjaro? (Msomaji, Moshi)

Hapana. Barafu ni ndogo, imeinama, ina mawingu, na inapungua.

Shikamoo mwalimu. NDVI (kipimo cha ukijani wa mimea) ya shamba langu kwenye picha za setilaiti ya Sentinel-2 iliporomoka 2022 na mvua ilikuwa nzuri. Kihisi kimekufa? (Msomaji, Iringa)

Marahaba. Swali hili nimelichoka. Kihisi ni kizima. Toleo la uchakataji wa picha lililoanza tarehe 25 Januari 2022 huongeza 1,000 kwenye namba ya kila pikseli. Chukua nyekundu 500 na infraredi ya karibu 3,500: tofauti yao gawanya kwa jumla yao, NDVI ni 0.75. Usipoitoa ile 1,000, unapata 0.5, shamba "limekauka" ukiwa umekaa kitini. Hata Antaktika nzima haimsaidii asiyefungua faili la maelezo.

Na hili si la wanafunzi peke yao. Marsabit, tangu 2010, kuna bima ya mifugo inayolipa kwa kuangalia ukijani wa malisho kutoka angani. Namba ikikosewa, mfugaji halipwi, au analipwa asiyestahili. Mshauri akikuletea ramani ya ukame, muulize kwanza ametumia toleo gani. Akibabaika, usimlipe.

Nilinganishe namba ghafi za Landsat 5 na Landsat 8? (Wasomaji wengi mno)

Hapana! Landsat 5 ilihesabu 0 hadi 255. Landsat 8 ina ngazi nyingi zaidi. Geuza zote ziwe uakisi (sehemu ya mwanga inayorudishwa na ardhi) kwanza, halafu kumbuka kuwa hata bendi zenyewe hazilingani upana.